Hiyo Mitungi Unayoiita Takataka

Mwenye ploti yetu hapa Sofia, Voi, alikuja tarehe mosi kuchukua kodi. Akasimama mbele ya mlango wa nyanya yangu, akaanza kuhesabu kwa kidole. Mitungi kumi na nne. Ile ya manjano ya mafuta ya kupikia, lita 20 kila mmoja, imekatwa ubavuni, imejazwa udongo, mchicha umejaa mpaka unamwagikia chini. Akasema hizi takataka ziwe zimeondoka kufikia mwisho wa mwezi, anataka kupaka ukuta rangi. Nyanya akamjibu, "Sawa baba," akaendelea kuchambua mboga zake. Mimi ndiye sikusema sawa.

Halafu hata kabla ya hiyo siku nilikuwa nimeposti video ya mitungi hiyohiyo, na wasee fulani wakaniambia niache kuuza umaskini. Mwingine akasema hayo ni mambo ya NGO, ati wazungu walikuja wakatufundisha semina, wakaenda, sasa tunajifanya ni yetu. Kwa hivyo nikawa na maneno matatu kichwani: takataka, umaskini, semina. Nikakaa nayo wiki mbili nikisoma. Nilifanya historia mwaka mmoja na nusu chuoni kabla karo ikwame nirudi nyumbani, kwa hivyo hii ndiyo digrii yangu, ipokeeni hivyo ilivyo.

Tuanze na debe, kwa sababu debe ndilo babu wa mtungi.

Kabla ya stima, watu wa pwani na bara waliokuwa na uwezo waliwasha mafuta ya taa. Mafuta hayo yalikuja na meli mpaka Mombasa yakiwa kwenye mikebe mikubwa ya bati, ya mraba, kama lita 18 kila mmoja. Mikebe miwili ilitiwa ndani ya sanduku moja la mbao ili isipondwe njiani. Kampuni za mafuta zilikuwa zinauza mafuta. Mkebe kwao ulikuwa kitu cha kutupwa, bati jepesi tu la kufikisha bidhaa. Mafuta yakiisha, biashara yao imeisha.

Lakini huku kwetu biashara ndiyo ilikuwa inaanza. Toa mfuniko wa juu, pitisha kijiti katikati uwe mpini, una ndoo ya maji. Toboa chini kwa msumari, una kitu cha kunyunyizia miche. Kata vipande, chomelea, una koroboi. Likunjue lote liwe bamba, una paa: katika mitaa ya Waafrika ya Nairobi kama Pumwani, iliyoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1920, watu waliezeka na kuzungushia nyumba kwa madebe yaliyokunjuliwa kwa sababu mabati mapya yalikuwa ghali. Na ukienda Mji wa Kale Mombasa mpaka leo utaona mrehani na asumini kwenye mikebe mlangoni na juu ya dari. Hakuna semina iliyoleta hiyo. Mtu hana bustani, ana mlango na ana mkebe, basi.

Debe lilizoeleka mpaka likawa kipimo. Enda soko la Voi uulize bei ya mahindi, utaambiwa debe ni pesa ngapi, na muuzaji anapimia kwa ndoo ya plastiki. Hajawahi hata kuliona debe lenyewe! Chombo kilikufa, jina likabaki likifanya kazi. Hata ile methali ya debe tupu haliachi kuvuma, tunayoisema kama imetoka kwa mababu wa mababu, haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko mafuta ya taa. Mtu alikaa karibu na mkebe mtupu akausikia unapiga kelele, akafikiria jirani yake. Mimi napenda sana hiyo picha.

Sasa njoo nyumbani. Agosti 1914 vita ya kwanza ya dunia inaanza, na Wajerumani wanavuka kutoka upande wa Moshi wanaiteka Taveta. Walikaa hapo mpaka Machi 1916. Waingereza wakaifanya Voi kituo chao kikubwa, na mwaka 1915 wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni. Ndiyo hiyo reli ya Taveta ambayo wazee bado wanaisimulia. Shida kubwa ya jeshi pale ilikuwa maji. Ukitoka kwenye vilima vya Taita ukishuka kule chini hakuna mto wa maana mpaka Lumi. Walilaza bomba kutoka Bura, na kwengine maji yalipelekwa kwa treni, kwa wanyama na kwa vichwa vya watu. Tarehe 12 Februari 1916, kwenye kilima cha Salaita, wanajeshi kutoka Afrika Kusini walipigwa wakarudi nyuma kwenye jua hilohilo la Mbuyuni mnalolijua. Chombo cha kawaida cha kubebea maji enzi hizo kilikuwa debe la mafuta. Kwa hivyo ukisikia jina Kariakor ujue ni wale wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na uwaone wakiwa na kitu kichwani.

Kuna stori moja ya vita hiyo ambayo mimi sikufundishwa shuleni, na mimi nimesomea hapahapa. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wakawahamisha wote, wakawapeleka Malindi. Wengi walifia huko. Waliobaki walikuja kurudi miaka ya 1930. Fikiria umeondolewa kwenye shamba lako kwa kosa ambalo hujaulizwa, unakaa karibu miaka 20 mahali huna udongo wa kuuita wako. Nitairudia hii ya ardhi, ngoja kwanza nimalize chombo.

Vita ya pili. Waingereza wako jangwani Afrika Kaskazini na petroli yao iko kwenye mikebe ya mraba ya galoni nne. Galoni nne za Uingereza ni lita 18 na kidogo. Umeona? Ni debe! Jeshi la himaya nzima lilienda vitani na debe. Na debe lilikuwa linavuja vibaya; ukilipakia kwenye lori, barabara mbovu, mshono unaachia, petroli inaenda mchangani. Askari wenyewe walikuwa wanalikata wanatengenezea jiko la chai, yaani wakafanya jua kali kama sisi. Wajerumani kwa upande wao walikuwa wamebuni kopo lao miaka ya 1930: chuma kigumu, lita 20, mishikio mitatu juu ili watu wawili waweze kulibeba pamoja, mfuniko wa kubana. Waingereza walipoyateka hayo makopo wakayaacha ya kwao, wakaiga. Na kwa sababu askari wa Uingereza walimwita Mjerumani "Jerry", kopo likaitwa kopo la Jerry. Jerrycan. Jerikeni.

Kwa hivyo kila siku nyanya akiniambia "lete ile jerikeni", anatumia jina la utani la adui wa vita ambayo yeye alikuwa hajazaliwa. Nilimweleza. Akaniuliza, sasa utaileta ama hutaileta.

Plastiki ilikuja baada ya hapo. Mwaka 1953 mkemia Karl Ziegler, huko Ujerumani tena, alipata njia ya kutengeneza aina ngumu ya polithini bila kuhitaji mgandamizo mkubwa. Ndiyo plastiki ya mtungi wako, angalia chini utaona pembetatu na namba 2. Ikawa nyepesi, haishiki kutu, haivuji kwenye mshono kwa sababu haina mshono wa kuchomelewa. Mtungi wa chuma ukiwa mtupu tu ni mzigo. Wa plastiki mtoto anaubeba kwa kidole kimoja akienda bombani, kurudi ndiyo kilo 20. Viwanda vya mafuta ya kupikia vikautumia kupakia, wenye hoteli na wauza chipsi wakanunua, mafuta yakaisha, mtungi ukauzwa tena. Ile hadithi ya debe ikarudi neno kwa neno: mtu mmoja anauza kilicho ndani, mwingine anaishi na kilichobaki.

Na huyo mwingine mara nyingi ni mwanamke. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake waliootesha miche hawakuwa na vifaa vya maafisa wa misitu. Walitumia vyungu vilivyovunjika na mikebe waliyoitoboa. Wataalamu walisema kupanda miti kunataka diploma. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia watu wa Kibera na mitaa mingine ya Nairobi kulima sukuma kwenye magunia. Hapo ndipo huyo msee wa semina alipata nusu ya ukweli. Ni kweli shirika lilikuja, lilileta miche na mafunzo. Lakini lilikuta watu ambao tayari walijua nini cha kufanya na kitu kitupu.

Sasa ardhi. Hapa ndipo mimi hukasirika, mnivumilie.

Watu wakiona mboga kwenye mtungi huuliza kwa nini usilime shambani kama watu. Taita Taveta ni kaunti ya kilomita za mraba zaidi ya 17,000. Asilimia kama 62 ni Tsavo, Mashariki na Magharibi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1948, na mistari yake ilipita mahali watu walikuwa wakichunga, wakiwinda, wakirina asali. Kabla ya hapo tayari mashamba ya mkonge yalikuwa yamechukua sehemu nzuri za tambarare huku Voi, Mwatate, Taveta. Wataita walilalamika mapema sana: mwishoni mwa miaka ya 1930 waliunda Taita Hills Association, wakiwemo watu kama Woresha Mengo, wakapinga kunyang'anywa ardhi na kupunguziwa mifugo kwa nguvu. Serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1940 na viongozi wakawekwa kizuizini. Si ati watu walinyamaza.

Kisha maji. Miaka ya 1950 lilijengwa bomba kutoka Mzima Springs, ndani ya Tsavo Magharibi, kwenda Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Maji yanatoka kwetu yanapita. Voi inapata kiasi, lakini uliza mtu yeyote wa Sofia ama Birikani bomba lilikauka lini mara ya mwisho, atakwambia siku na saa. Halafu mvua yenyewe hapa chini ni ya kubahatisha, misimu miwili na mmoja wapo hukudanganya.

Nyanya hakuzaliwa kwenye ploti. Alikuwa na shamba chini ya Sagalla, alilima mahindi na kunde na pojo. Ndovu waliingia. Wakaingia tena. Si mara moja ile ya kupiga picha, ni msimu baada ya msimu, unaamka usiku kupiga debe (ndiyo, debe, bado lina kazi hiyo) na asubuhi unahesabu mashina. Kuna watu wa Sagalla sasa wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki kwa sababu ndovu anaogopa nyuki, na inasaidia. Kwake ilikuwa imechelewa. Aliteremka Voi akiwa na mifuko miwili ya nguo na mbegu za mnavu zimefungwa kwenye kitambaa. Chumba kimoja, mlango, na sementi futi sita mbele yake. Hapo ndipo akaanza kukusanya mitungi.

Kwa hivyo mtu akiniambia mtungi ni umaskini, namwambia soma ramani kwanza. Hiyo futi sita ya sementi ndiyo iliyobaki baada ya kila mtu kuchukua chake.

Nisiwadanganye lakini, mtungi si muujiza. Mitungi kumi na nne hailishi familia. Inatupa mboga mara tatu ama nne kwa wiki, mchicha unakuwa tayari kwa mwezi mmoja hivi, sukuma inataka subira zaidi lakini ikianza unachuma majani ya chini miezi. Ugali bado tunanunua unga. Jua la Voi linakula plastiki: baada ya miaka michache mtungi unakuwa mkavu, ukiugusa unavunjika vipande, na vile vipande haviozi, vinaingia kwenye udongo. Nyanya huutoa ukianza kupauka. Na kuna mitungi hatumii kabisa, iliyowekwa dawa ya kupulizia mimea ama kemikali ya gereji, hata ukiipewa bure. Hiyo wasee wa kontenti huwa hawasemi. Wanaonyesha tu kabla na baada na muziki.

Kitu kingine kinanikera. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, faini mpaka milioni nne ama jela mpaka miaka minne. Ilisaidia, mimi nakumbuka miti ya barabarani ilivyokuwa imevaa mifuko kama majani. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zikakatazwa ndani ya hifadhi za taifa. Kwa hivyo leo mtalii hawezi kuingia Tsavo Mashariki na chupa yake ya maji ya plastiki. Lango liko hapa Voi. Nje ya lango chupa ni ruhusa. Mabasi ya Mombasa na Nairobi yanasimama hapa kula, dirisha linafunguliwa, chupa inaruka. Ndovu amelindwa na chupa, mtoto wa Sofia hajalindwa. Sisemi ndovu asilindwe. Nasema tu mstari umepita wapi, na si mara ya kwanza mstari kupita hapo.

Ndiyo maana huwa sishangilii sana zile kampeni za "geuza taka kuwa mali". Zinamwachia nyanya kazi ya kumaliza kitu ambacho mwenye kukitengeneza amepata faida yake akaenda. Kampuni za mafuta ya taa hazikurudi kuchukua madebe. Nyanya akipanda mchicha kwenye mtungi wenu hajawasafishia jina. Amepanda mchicha.

Kwa wale wanaouliza jinsi, haraka haraka: osha mtungi kwa sabuni na maji moto mara mbili, mafuta yakibaki siafu watakuja. Ulaze, kata dirisha refu ubavuni, usiikate mpaka mwisho acha ukingo ili usikunjike. Matundu matano sita chini kwa msumari uliopashwa moto. Kokoto kidogo, halafu udongo, samadi iliyooza na mchanga, samadi isizidi theluthi. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kumwagilia, ya sabuni nyingi hapana. Uweke juu ya mawe, kuku asifike. Mchana mkali wa Januari uvute kivulini, na hapo ndipo mtungi unalishinda shamba: shamba huwezi kulivuta kivulini.

Nilimpelekea mwenye ploti hii stori yote kwa mdomo, nikiwa nimeifupisha. Akasikiliza mpaka mwisho, ni mtu mzima mwenye heshima zake, akasema "kijana umesoma", halafu akasema rangi bado atapaka. Tukaelewana mitungi saba ikae upande wa choo ambako hapakwi rangi. Saba nyingine tumehamisha jana jioni kwa mkokoteni mpaka kwa rafiki wa nyanya Birikani, yeye ana ua. Njiani mmoja ukapasuka, ule wa zamani zaidi. Udongo ukamwagika barabarani na mnavu wote. Nyanya akanituma nirudi nichukue udongo na mfuko. Nikamwambia ni udongo tu. Akanyamaza ile kimya yake, nikarudi nikachota.